SOMO LA NYUMBANI: Rispa na Tumbusi wa Ayod

Andiko la somo: 2 Samweli 21:1-14. Someni pia Mwanzo 21:14-19 na Luka 16:19-31.

  

Somo hili limetokana na swali la mama mmoja wa kanisa letu. Mgeni alipita kati ya vibanda vyetu akiwa na kamera. Alimkuta mama huyo akimwogesha mwanawe aliyekuwa na homa, akapiga picha bila kuuliza, akaenda zake. Baada ya majuma kadhaa picha ile ilionekana kwenye simu ya jirani. Mama alikuwa amekatwa, amebaki mtoto peke yake kwenye karai, na chini yake imeandikwa kwamba ni yatima. Mama yule alilia sana. Hakulilia picha, alililia lile neno. Kisha akaja kwetu wazee akasema: “Baba Mchungaji, hawa watu ndio wanaotulisha. Nikikataa kupigwa picha, nimetenda dhambi ya kukosa shukrani? Na nikikubali, si nimemuuza mtoto wangu?”

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulisema tutaomba na kuchunguza Maandiko. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na picha moja ambayo karibu kila mtu duniani ameiona, na ambayo ilipigwa katika nchi hii tunayokaa. Kutoka hapa Juba ukielekea kaskazini, ndani ya jimbo la Jonglei, kuna mahali panaitwa Ayod. Mwezi wa tatu mwaka 1993 mpiga picha wa Afrika Kusini, Kevin Carter, alifika pale kwa ndege ya Umoja wa Mataifa pamoja na mwenzake João Silva. Ndege ilileta chakula na ilikaa kwa muda mfupi tu. Carter akamwona mtoto mdogo amejiinamia chini, kichwa kimemwelemea, mbavu zinahesabika. Nyuma yake, hatua chache tu, alikuwa ametua tumbusi. Carter akapiga picha. Alingoja kwa dakika kama ishirini akitumaini ndege yule atakunjua mabawa. Hakukunjua. Basi akamfukuza.

Tarehe 26 Machi 1993 gazeti la New York Times la Marekani likaitoa picha hiyo. Simu na barua zikamiminika, watu wakiuliza mtoto aliishia wapi. Gazeti likalazimika kuandika kwamba mtoto alipata nguvu za kuendelea na safari baada ya ndege kufukuzwa, lakini halikujua kama alifika penye chakula. Mwaka 1994 picha ikapata tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa kuliko zote za magazeti ya Marekani. Mwezi wa nne mwaka huohuo rafiki yake Carter, Ken Oosterbroek, aliuawa kwa risasi huko Thokoza akiwa kazini. Tarehe 27 Julai 1994 Carter akajiua, akiwa na umri wa miaka 33. Tusimhukumu. Sisi tunaoishi na watu walioona mengi tunajua macho yanaweza kubeba mzigo ambao moyo hauwezi.

Sasa tuitazame picha yenyewe taratibu, kama tunavyosoma andiko. Kwenye mkono wa mtoto yule kuna bangili ya plastiki. Wengi hawaioni, kwa sababu jicho linakwenda kwa ndege. Bangili ile ilikuwa ya kituo cha kulishia, na mtoto alikuwa ameshaandikishwa. Kila mama hapa anayepeleka mtoto kupimwa mkono anajua maana yake: huyu si mtoto aliyetupwa, huyu ana namba. Na mwaka 2011, mwaka uleule Sudan Kusini ilipopata uhuru, waandishi wa gazeti la El Mundo la Hispania walikwenda Ayod wakaitafuta familia. Wakamkuta baba. Akawaambia kwamba yule ambaye dunia nzima ilimwita msichana alikuwa mvulana, na kwamba hakufa na njaa ile. Aliishi, akakua, akafa miaka kama minne kabla ya hapo kwa ugonjwa wa homa.

Miaka kumi na minane dunia ilimlilia mtoto kama maiti, naye alikuwa anakua. Alikuwa na baba. Hakuna aliyerudi kuuliza.

Na kuna kitu kingine ambacho picha ile haikuweza kuonyesha. Haikuonyesha bunduki. Mwaka 1991 viongozi wa SPLA waligawanyika, na ndugu wakaanza kuuana. Vijiji vikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakakimbia mashamba yao. Nchi iliyo kati ya Ayod, Waat na Kongor iliharibika kiasi kwamba wafanyakazi wa misaada waliipa jina, Pembetatu ya Njaa. Mtu wa mbali akiitazama picha anaona jua, vumbi na ndege, anadhani njaa ya Afrika inashuka kama mvua ya mawe, bila mwenyewe. Sisi tunajua ina wenyewe. Hata mwaka 2017, njaa ilipotangazwa katika sehemu za jimbo la Unity, haikuletwa na ukame peke yake. Iliingia ikifuata nyayo za vita.

Hapa ndipo tufungue 2 Samweli 21.

Sura hii haihubiriwi mara nyingi, na tunakiri kwamba hata sisi chuoni tuliipita haraka. Inaanza na njaa ya miaka mitatu katika siku za Daudi. Daudi hakuridhika kusema ni ukame. Akamwuliza Bwana sababu, akaambiwa: ni kwa ajili ya damu. Sauli alikuwa amewaua Wagibeoni, watu ambao Israeli ilikuwa imewaapia kuwaacha hai (Yoshua 9). Angalieni vizuri, wapendwa. Mwandishi wa Samweli anafanya jambo ambalo kamera ya Ayod haikuweza kulifanya. Anaiweka njaa na damu katika mstari mmoja.

Wagibeoni wakadai wanaume saba wa nyumba ya Sauli, wakatundikwa mlimani mwanzo wa mavuno ya shayiri. Wawili kati yao walikuwa wana wa Rispa binti Aya, suria wa Sauli. Rispa hakuwa na mamlaka yoyote. Mume amekufa, ufalme umekwenda kwa nyumba nyingine, watoto wameuawa kwa amri ambayo hakuna mtu angethubutu kuipinga. Akafanya kitu kimoja. Akachukua gunia, akalitandika juu ya mwamba, akakaa. Tangu mavuno hadi mvua iliponyesha, mchana aliwafukuza ndege wa angani wasiwakalie wanawe, na usiku aliwafukuza wanyama wa mwituni.

Mama wa Biblia mwenye gunia, na ndege wanaongoja! Tulipousoma mstari wa 10 tukiwa na picha ya Ayod mawazoni, tulinyamaza kwa muda.

Rispa hakutoa hotuba. Hakuna neno lake hata moja lililoandikwa katika sura nzima. Lakini alikuwa anaonekana, mwanamke juu ya mwamba, gunia, miili saba. Ile ilikuwa picha, na habari zake zikamfikia mfalme. Daudi aliposikia, hakusema “maskini mama yule” na kuendelea na kazi zake. Alikwenda mwenyewe kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-gileadi, ikakusanywa na mifupa ya wale waliotundikwa, na Sauli na mwanawe wakazikwa kwa heshima katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Na angalieni mstari wa 14 unavyosema mambo kwa mpangilio: ni baada ya hayo ndipo Mungu alipoombwa kwa ajili ya nchi akasikia. Mwandishi hakuliweka neno hilo baada ya kutundikwa, ameliweka baada ya kuzika. Mfalme alidhani damu itaponya nchi, kumbe mwanamke mwenye gunia alikuwa anamfundisha.

Kwa hiyo Maandiko hayakatazi mateso yaonekane. Rispa alitaka yaonekane. Tofauti ni kwamba Rispa alikaa. Yule mgeni wa kamera hakukaa hata dakika tano.

Tusiwe wakali kupita kiasi kwa wapiga picha. Bila wao wengi wasingekuwa hai. Mwaka 1984 kijana wetu wa Afrika Mashariki, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alikwenda Korem nchini Ethiopia pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zao zilipoonyeshwa tarehe 23 Oktoba 1984, dunia iliamka. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, wanamuziki waliimba London na Philadelphia kwa siku moja na fedha nyingi zikakusanywa. Wako watu waliokula kwa sababu Mohamed Amin hakufumba macho. Lakini hata zile picha zilionyesha mahindi yanayokosekana zaidi ya vita vilivyokuwa vinaendelea kaskazini mwa Ethiopia. Mashirika ya Ulaya yenyewe yalitambua kuna kasoro, yakakubaliana mwaka 1989 juu ya kanuni za namna ya kuwaonyesha watu wa nchi maskini, na mwaka 2006 yakazitengeneza upya. Katika kanuni hizo imo heshima ya anayepigwa picha, na imo ridhaa yake. Mama zetu wajue hilo. Mgeni akikuambia kwamba huna haki ya kukataa, hajazisoma kanuni za wenzake.

Wala hili si jambo la Waafrika tu. Mwaka 1936 huko Nipomo, California, mpiga picha wa serikali aitwaye Dorothea Lange alimpiga picha mama wa miaka 32 chini ya hema, watoto wamejificha mabegani mwake. Picha ikawa maarufu kuliko zote za shida ya Marekani ya wakati ule, na chakula kikapelekwa kambini pale, lakini mama na wanawe walikuwa wamekwisha kuondoka kutafuta kazi kwingine. Jina lake, Florence Owens Thompson, halikujulikana hadi mwaka 1978, na alipojitokeza alisema wazi kwamba picha ile haikumsaidia na alitamani isingepigwa. Miaka arobaini na miwili uso wake ulikuwa kila mahali.

Jina! Someni Luka 16. Bwana Yesu naye alituchorea picha ya umaskini: mtu amelala mlangoni, ana vidonda, ana njaa, mbwa wanamlamba. Ni mchoro mkali sana, haukuficha kitu. Lakini katika mifano yote ya Yesu huyu ndiye mtu pekee aliyepewa jina, Lazaro. Tajiri hana jina. Katika picha za dunia hii mambo yamegeuzwa: mpiga picha ana jina, tuzo ina jina, gazeti lina jina, na yule aliyelala chini ameandikwa “yatima”.

Na tusidhani kwamba picha za shida hupigwa na wageni tu, maskini wao wakae watazamwe. Ndugu zetu wa Kongo, hasa mliotoka Katanga, mnazikumbuka zile picha za rangi zilizotundikwa sebuleni kwa wazee. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda-Matulu, alichora historia nzima ya nchi yake katika picha karibu mia moja, akaieleza kwa Kiswahili cha kwao mbele ya msomi Johannes Fabian. Alichora juu ya nini? Wachoraji wale walitumia magunia ya unga yaliyofunguliwa. Picha mojawapo iliyopendwa sana iliitwa Koloni ya Wabelgiji: mfungwa amelazwa chini, anachapwa chikoti, mzungu amesimama anatazama, wanawake wanalia kando. Mtu aliinunua kwa fedha yake mwenyewe akaitundika juu ya kiti cha wageni! Kwa nini? Kwa sababu mle ndani mwenye chikoti anaonekana. Picha ile ilitaja shida na mwenye kuileta. Tunaona hapo roho ya 2 Samweli 21:1.

Hapa Sudan Kusini nako, wakati wa vita vya miaka ya 1980 na 1990, Wakristo wa Bor walipokuwa wakikimbia walibeba misalaba waliyoichonga wenyewe kwa mbao, mingine imepambwa kwa vipande vya chuma vilivyoachwa na vita. Mchungaji Marc Nikkel, Mmarekani aliyefundisha katika chuo cha Biblia cha Mundri na kufariki mwaka 2000, aliichunguza misalaba hiyo na kuandika habari zake. Wanawake waliinua juu chuma kilichokuja kuwaua. Na hapa Juba kwenyewe, tangu mwaka 2016 vijana wasanii waliojiita Ana Taban, yaani “nimechoka” kwa Kiarabu cha Juba, walichora kutani picha za uchovu wa vita na hamu ya amani. Wengine wetu tumepita mbele ya kuta hizo tukielekea mjini tukadhani ni matangazo.

Picha moja zaidi, kwa ajili ya wagonjwa wetu. Kati ya miaka ya 1512 na 1516 Mjerumani aitwaye Grünewald alichora Yesu msalabani kwa ajili ya nyumba ya watawa huko Isenheim, ambayo leo iko Ufaransa. Watawa wale waliwatunza watu wenye ugonjwa wa kutisha uliotokana na nafaka iliyoharibika. Ngozi iliungua na viungo vilioza. Mchoraji akampaka Yesu ngozi yenye vidonda, iliyogeuka rangi, kama ya wale wagonjwa. Walipoletwa mbele ya picha ile walimwona Bwana akiwa mgonjwa mwenzao. Isaya 53 inasema aliyachukua masikitiko yetu, na Grünewald alilichukua andiko hilo jinsi lilivyo. Huyu mchoraji hakuwatazama wagonjwa kwa mbali. Aliwapa Mwokozi anayefanana nao.

Sasa turudi kwa mama yetu na karai lake. Dada, si dhambi kukataa. Anayekupa chakula hajanunua uso wa mtoto wako, na shukrani inaweza kutolewa kwa mdomo. Si dhambi kukubali pia, ukiulizwa kwanza, ukaambiwa picha inakwenda wapi, na wewe mwenyewe ukabaki ndani yake. Hajiri naye alimweka mtoto chini ya kichaka akaketi mbali, kwa maana hakuweza kutazama mtoto akifa. Kama angepita mtu mwenye kamera saa ile angesema mtoto ametupwa. Lakini malaika wa Mungu alimwita Hajiri kwa jina lake, akamwuliza ana shida gani, akamwambia amwinue kijana amshike mkononi. Ndipo akakiona kisima. Mungu hakumkata mama kwenye picha.

Na hapa inatubidi kuungama. Sisi viongozi tunamlaumu mgeni, lakini miaka michache iliyopita, tulipokuwa tunawaandikia marafiki wa kanisa kuomba mabati, tuliwapanga watoto wa Shule ya Jumapili mbele ya jengo na tukawaambia wenye viatu wavivue. Walivivua. Mmoja aliuliza sababu, tukamwambia anyamaze. Mabati yalikuja, na ndiyo mnayokaa chini yake kila Jumapili. Hatujui tuyaite nini mabati hayo. Tunamwomba Mungu msamaha, na tunawaomba msamaha wale watoto, ambao baadhi yao sasa wanaimba kwaya ya vijana na wanakumbuka.

Baraza la wazee limekubaliana hivi: mtu yeyote anayetaka kupiga picha katika eneo la kanisa aende kwanza kwa mzazi, si kwa mchungaji. Mzazi akisema hapana, mchungaji asimbembeleze. Picha tutakazopeleka sisi wenyewe zitasomwa kwanza mbele ya waliomo, pamoja na maneno yaliyoandikwa chini, kwa lugha wanayoisikia, iwe Kiswahili au Kiarabu cha Juba.

Katika vikundi vya nyumbani juma hili zungumzeni maswali haya. Daudi aliuliza sababu ya njaa na akajibiwa. Sisi tunaogopa kuuliza nini, na kwa sababu gani? Kama ungechora siku uliyotoka nyumbani kwako, nani angekuwa ndani ya mchoro, na nani ungemwacha nje? Wazee wasikilize watoto kwanza.

Jumamosi saa nne, chini ya mwembe, tutachora na watoto pamoja na akina mama. Hakuna rangi za kununua. Mkaa tunao, magunia matupu ya mtama kila jamaa ilete lake, yafunguliwe na kufuliwa. Yule mama wa karai amekubali kusimamia.